Daftari la Kuni

Tanuri letu la Barabara ya Kumi na Sita
halijalala tangu babu alipolijenga
kwa mawe ya chokaa ya Amboni.
Hata siku ya msiba wake mama alitoka kwa waombolezaji,
akasukuma magogo matatu ndani, akarudi kulia.

Mimi ndiye mshika daftari.
Jumatatu: mkorosho, baiskeli nne.
Jumanne: mwembe, baiskeli tatu, moja imelowa, imerudishwa.
Jumatano: hakuja mtu, askari wa misitu wako Pongwe.
Tumechoma mlango wa stoo.

Akaja Mhandisi Singano na kopo la rangi nyekundu,
akapiga alama kila ukuta.
Mtaa mzima ukashika kichwa: tumezoea X ya kubomolewa.
"Hapana," akasema, "hapa litapita bomba.
Gesi yenu wenyewe, imelala huko kusini
tangu kabla ya bibi zenu, inangoja kuitwa."
Bi Mwanatumu, muuza mbaazi, akamwuliza:
"Kama ni yetu, mbona ina bei?"
Singano akacheka. Akaendelea kupaka rangi.

Mtaro ulichimbwa miezi mitano.
Masika yakaujaza vyura,
kisha ukasubiri vali iliyokwama bandarini
huku watoto wakijifunzia kuruka.
Na aliyechimba mbele ya mlango wetu
alikuwa Semboja, yule yule wa kuni,
baiskeli yake ukutani, haina mzigo,
imekonda kama mbuzi wa kiangazi.
"Nachimba kaburi la kazi yangu," aliniambia,
"lakini hawa hulipa kila Ijumaa. Nyie hulipa mkikumbuka."
Nilifungua daftari.
Alikuwa anatudai baiskeli kumi na moja.

Moto wa miaka hamsini na minane hauzimwi kwa ndoo.
Tuliuacha ule kilichobaki.
Alfajiri nyenje wakatoka kwenye nyufa za tanuri,
mmoja mmoja, bila kuaga.
Mama akaweka kiganja kwenye jiwe: "Bado lina homa."
Siku ya tatu akasema, "Limepoa,"
akaenda kulala mchana,
jambo ambalo sijapata kuliona.

Moto mpya ni wa buluu, umejipanga kama gwaride,
hauna mlio wa mifupa.
Mikate mia nne kabla ya adhana; zamani mia mbili na nusu.
Mzee Bakizi fundi cherehani akanusa, akakunja uso:
"Huu mkate wa hospitali."
Kesho yake alinunua miwili.
Nikaandika, kabla ya bei, kabla ya hesabu yoyote:
mama hakohoi.

Siku mtaro ulipofukiwa, tulikuta ukutani, kwa chaki:

*Kuni nilikuletea, nyama yangu ikaisha,*
*Gesi umeipokea, kidole kinaiwasha,*
*Deni ninalingojea, kalamu itakumbusha,*
*Moto chini watembea, njaa yangu inakesha.*

Nililipa zote kumi na moja, jioni ile ile, mbele ya watu.
Aliyanyoosha manoti gotini, akahesabu mara mbili,
akaniuliza kama tunahitaji mtu wa kupeleka mikate Duga.
Nikamwambia nitamwuliza mama.
Bado sijamwuliza.

Daftari halijaisha kurasa, nalitumia lile lile.
Jumatatu: mita imesomwa.
Jumanne: presha ndogo, unga umeumuka ukamwagika,
simu ya Singano haipatikani.
Jumatano: Bi Mwanatumu ameulizia tena ada ya kuunganishwa.
Ni mbaazi za mwaka na nusu.
Bomba linapita mbele ya mlango wake
bila hata kugeuza shingo,
naye anachochea mkaa kwa ufuniko wa sufuria,
na moshi, usiojua mpaka wa kiwanja,
unaingia kwa dirisha letu la nyuma.

Alhamisi: mama amekohoa.