Si Hoja

Rangi ya jina ilianza kuchujuka upande wa omo,
ikaondoka na "Si", ikaacha "Hoja" peke yake,
na mwaka huu imekuwa hoja kweli.

Mashine ni farasi kumi na tano, makamo ya Raiye,
binti yangu wa mwisho: miaka kumi na tisa.
Huvutwa kamba mara saba ndipo ikohoe,
hukohoa mara tatu ndipo ikubali,
na abiria wa Mtambwe waendao Wete sokoni
wamezoea kuhesabu pamoja, kwa sauti,
kama watoto wa chuoni.
Ikifika ya nane, kuna anayedai nauli yake.

Daftari ninalo mimi.
Petroli: lita nane kwa njia iliyokuwa ikila tano.
Oili. Plagi. Plagi. Pini ya rafadha.
Mfunguo Nane: fundi kutoka Chake,
akala wali, akasema "kabureta",
akaondoka na kabureta.

Mbarouk mdogo wangu ndiye nahodha. Anataka faiba.
Kaiona Mkoani, nyeupe kama sahani ya harusi,
haitaki kalafati, haitaki sifa.
Milioni ishirini na mbili, mkopo wa miaka minne.
"Chombo cha kuzama hakina usukani," akaniambia.
"Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," nikamrudishia.
Tukatupiana methali hadi chai ikapoa,
na hakuna hata moja iliyotia petroli.

Nikamwita fundi Shaame maji yalipokupwa,
mashua imelala ubavu kwenye tope la mikoko.
Hakutaja bei. Alivua kofia,
akagonga kwa kishikio cha bisibisi, taruma kwa taruma,
sikio karibu na mbao.
Ubao mzima hujibu. Huu ulijibu, na huu, na huu.
Mkuku ulijibu kama mlango unaogongwa na mwenye nyumba.
Alipofika tezi, ubao unaobeba mashine,
kimya.
Akageuza bisibisi, akasukuma. Ikazama yote,
kama kwenye boribo lililopitiliza.
"Mtu akifunga mashine mpya hapa," akasema,
"itakwenda Wete peke yake. Nyinyi mtabaki."

Usiku ule nilikuwa nimeshamkubalia Mbarouk moyoni.
Nikafunua daftari niandike mkopo,
nikakuta Novemba, mwandiko wangu wa haraka:
"Imezima. Mkondoni. Watoto wa mtihani."
Kumi na mmoja, kidato cha nne, sare nyeupe,
wakapiga maji kwa kandambili,
kwa vifuniko vya ndoo, kwa ubao wa kukalia,
hadi gatini Wete, kisha mbio hadi skuli,
magoti yanachuruzika, dakika nne kabla ya kengele.
Nikasoma tena lile neno, imezima.
Iliyozima ni mashine.
Mashua ilikwenda. Ilikwenda kwa kandambili.

Nyuma ya banda la mbuzi kuna gogo la mfenesi,
liliangushwa na upepo mwaka juzi, limekauka vizuri.
Nililiweka liwe kitanda cha Raiye
siku atakapotoka kwangu.
Nikamweleza. Hakuinua macho kwenye kuni.
Siku ya mtihani alikuwamo, kandambili moja ilikwenda na maji.
"Kata," akasema.

Basi tezi mpya ya mfenesi,
na mashine ya mtumba kutoka Tanga, milioni nne na laki mbili,
karafuu za misimu miwili, hakuna benki.
Mbarouk hakusema nami siku tatu.
Ya nne akaja na msasa, akaanza kusugua ubavu,
na huku anasugua anasema faiba.
Huenda kesho ikawa yeye ndiye mwenye haki. Sijui.
Jana kamba imevutwa mara mbili tu;
abiria wakabaki na hesabu mdomoni.

Mchora jina kaja na kopo la rangi ya buluu:
"Bimize, niirudishe 'Si', au niiache?"
Nikaitazama tezi, mbao yake ya njano
bado inanuka fenesi.
Iache kwanza, nikamwambia.
Njoo baada ya mvua za Masika.