Mkia wa Samaki

Hapa Bombo, nyuma ya duka la unga la Haji Mursal,
tulijenga kigari cha mbio kwa mabomba ya kitanda cha hospitali
na injini iliyokuwa ikivutia maji nyanya za Wobulenzi.
Kiti, beseni la plastiki.
Breki, tuseme ilikuwepo.

Mimi nilitaka cheni ya bodaboda.
Ipo kila kona, bei yake naijua,
hata gizani naifunga.
Zamzam Farajalla akailaza juu ya meno ya sproketi,
nayo ikakaa kama mtu mzima kwenye kigoda cha mtoto:
nusu ndani, nusu aibu.
"Hii ni ya kubeba matoke na abiria watatu," akasema.
"Meno haya ni membamba. Katafute ya saizi yake."

Nikashuka Kampala, hadi Kisekka,
sproketi nimeifunga kwenye gazeti,
nikiijaribu cheni baada ya cheni
kama baba anayenunua viatu vya mtoto aliyebaki nyumbani.
Ya kwanza iling'aa. Nikaivuta ubavuni,
ikapinda kama mkufu wa bibi arusi. Nikamrudishia mwenyewe.
Nikachukua ya kijivu, nzito, isiyojisifu,
na kikata cheni kidogo cha skrubu,
elfu thelathini na tano.

Marehemu baba alitumia msumari na nyundo.
Pini ilitoka, ndiyo,
ikatoka na bamba lililopinda, rola iliyopasuka
na tusi moja la Kinubi ambalo mama alijifanya hakulisikia.
Kikata cheni hakipigi kelele.
Unazungusha, kinakaza, unazungusha,
pini inajongea kama jino la maziwa
na mkono unajua pa kuacha.

Zamzam akaazima rula ya shule ya mwanawe,
akaiegemeza kwenye sproketi mbili, ya injini na ya ekseli.
Mwanga ukapenya, unene wa sarafu.
Akalegeza nati, akasogeza injini. Tena.
Tena, mpaka rula ikaziba mwanga wote.
Cheni akaiachia icheze upana wa kidole kidogo:
"Ikikazwa sana inakula beringi. Ikilegea inaruka."
Kisha adhana ya alasiri.
"Kiungo cha mwisho funga wewe."

Ile klipu ni samaki wa chuma,
mdogo kuliko ukucha,
kichwa kimefumba, mkia una panda.
Niliiingiza upande ulioingia kirahisi.

Jumapili, kwenye kiwanja cha matofali,
Bashiri, kilo arobaini na mbili pamoja na kofia,
alizunguka mara moja, mara mbili.
Ya tatu, injini ikapiga ukelele wa juu,
ukelele usio na kazi,
na kigari kikaendelea kwa uzito wake tu, kikasimama.

Cheni ilikuwa imelala vumbini.
Kwenye bati la kinga palikuwa na bonde moja,
limepigwa kutoka ndani,
usawa wa mgongo wake.

Zamzam aliiokota, akaipitisha vidoleni
pingili kwa pingili, kama tasbihi.
Pini nzima. Bamba zima. Klipu haipo,
na mkwaruzo unaoonyesha ilikokimbilia.
Hakuinua sauti.
"Samaki anaogelea kwa mkia mbele?"

Nilikuwa na majibu mengi: taa hafifu, koleo butu.
Yote yalikuwa kweli. Nikanyamaza.

Akafungua fundo la leso,
humo mna nauli, karafuu mbili, na klipu nyingine.
"Funga."
Kichwa kitangulie cheni inakokwenda.
Mkia nyuma.
Nikaangalia mara tatu, nikapapasa mara ya nne,
huku Bashiri, mdomo umejaa gurusa,
akiuliza kama jua linatosha mzunguko mmoja zaidi.

Lile bonde sijalinyoosha.
Nyundo ninayo.