Daftari la Mayai, Yombo Dovya

Kuku saba, kalamu ya bluu, mistari imenyooka
kama nilivyoandika magunia miaka thelathini na mmoja
kwenye ghala la Kurasini:
Mshahara, Kidimu, Kishingo, Bi Kodi,
chotara wawili wasio na jina,
na Mgeni, aliyeletwa Jumapili kutoka Mbagala
miguu imefungwa kwa uzi wa kiroba.

Machi, mayai matano kwa siku.
Aprili masika yakashika, mawili.
Mei mosi, sifuri.
Mei pili, sifuri,
na safu ya mwisho, ile ya "Maelezo",
nikaandika jina la mtoto wa jirani: Hamdani.
Nilimwona kwenye uzio akifuata mpira wake wa makaratasi.
Nikamwambia mama yake. Kwa upole, nadhani.
Kofi lile nililisikia ukutani
nikafunga daftari.

Ndani ya banda mambo yalikuwa yameharibika.
Maji yamepenya chini ya bati, takataka zimelowa,
nao wamefungiwa humo siku tisa wakitazamana.
Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
hawakusema kamba ikishafunguliwa
wenyeji watamnyonyoa mkia,
mpaka ngozi ionekane, nyekundu, imechubuka.
Nikampaka majivu. Wakadonoa majivu.

Nikaenda kwa Mkwizu, duka la dawa za mifugo.
"Wanakula nini?"
Pumba.
"Na nini?"
Na pumba.
Akavua miwani.
"Mzee, hata wewe ukilishwa pumba mwezi mzima
utatafuna kitanda."
Akanipimia dagaa wa kusaga, mashudu, chokaa,
na mfuko wa makombe yaliyopondwa.
"Halafu kaa uwaangalie. Kuku haibiwi na mtu asiyemwona."

Basi nikakaa. Ndoo nimeifudikiza, saa nne asubuhi,
manyunyu shingoni.
Mshahara akaingia kiotani,
yeye niliyemnunua kwa pesa ya mwisho ya ofisi,
akajikunja, akataga, akainuka,
akatangaza kwa mtaa mzima,
kisha akageuka
akalitoboa yai lake kwa pigo moja.
Wenzake wakaja mbio kama wameitiwa pilau.
Ute, kiini, ganda, vyote.
Ardhi ikabaki safi. Na mdomoni mwake njano kidogo,
kama mtoto aliyekana kulamba mwiko.

Nilijaribu pilipili. Nilitoboa yai, nikalijaza pilipili mbuzi.
Alikula lote, akafuta mdomo kwenye mbao,
akaniangalia, kama anaulizia ndimu.

Jiwe ndilo lililomshinda. Jeupe, la mviringo, saizi ya yai.
Akaligonga mara tatu, ko, ko, ko,
akasimama kidogo akifikiri.
Nikatundika gunia mlangoni pa kiota, giza liwe zito,
nikamtenga Mgeni kwenye tenga hadi manyoya yachipue,
jua lilipotoka nikawafungulia wachakure.
Wiki ya pili, yai moja zima.
La vuguvugu. Nililishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa tatizo ni Kidimu.
Amelilalia lile jiwe. Siku ya sita leo, hali, hanywi,
amejivimbisha manyoya yake ya kujikunja,
ukipeleka mkono anakudona.
Mkwizu anasema mtoe, mwogeshe maji baridi, atasahau.
Sijamtoa.
Siwezi kumcheka.
Nami nililalia jina la mtoto wiki mbili,
nikalitia joto, nikangoja litoe kifaranga.

Karani hafuti kwa kifutio; hilo tulifundishwa siku ya kwanza.
Unakata kwa mstari mmoja, neno lisomeke bado chini yake,
unatia saini pembeni na tarehe.
Nimekata. Nimetia saini.

Mayai manne yamo kwenye bakuli.
Nimesimama mlangoni pa Mama Hamdani,
nasema hodi ya tatu,
na ndani nasikia mpira wa makaratasi
ukipigwa ukutani, ukipigwa, kisha umeacha.