Haikuwepo Tangu Mwanzo

Mimi ni mpiga chapa tu wa Wakili Jalandoni,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate, mjini Iloilo.
Saa kumi harufu ya siagi hupanda ngazi bila kubisha.
Ndoa nilizozivunja kwa vidole hivi siwezi kuzihesabu.
Yangu bado ipo. Wilfredo anaishi Jaro na mwenzake,
na Jumapili, misani, tunapeana mkono wa amani
kama padri anavyoagiza.

Sheria yetu haina talaka.
Ina ombi la kutamkwa kwamba ndoa haikuwepo,
na ili isiwepo, sharti mmoja wenu awe na ila ya nafsi,
ila aliyokuja nayo madhabahuni, ndani ya suti,
na mtaalamu aiandike, kwa malipo yake pembeni.
Kusini, huko Marawi, mwanamke wa Kiislamu ana mlango.
Sisi wengine tuna ukuta,
na mwashi wa kuutoboa hulipwa kwa awamu.

Jumanne akaja Nang Pacing, miaka sabini na mmoja,
viatu vya kanisani, bahasha ya plastiki kwapani.
Mumewe, Eleuterio, alitoka kununua betri za redio
Februari ya themanini na sita,
wiki ile nchi nzima ilipotega sikio.
"Rais alikimbia, naye akakimbia.
Betri hazijafika mpaka leo."

Wakili akauliza: kwa nini sasa?

"Nyumba. Nimeijenga kwa kufua nguo za watu,
tofali, sabuni, tofali, sabuni.
Nikifa kesho, sheria itamtafuta popote alipo:
mgane, pole kwa msiba, njoo uchukue fungu lako."

Fomu inauliza: kabla ya harusi uliona dalili yoyote?
Feni ikazunguka. Akafikiri kwa uaminifu.
"Alihesabu chenji mara mbili.
Na kwenye sinema alicheka wenzake wakishamaliza."
Nikaandika. Wakili akanikonyeza: futa.
Andika, *hakukomaa kihisia,
hakuweza kubeba wajibu wa msingi wa ndoa.*
Mashahidi? Padri alikufa. Wasimamizi wamekufa.
Amebaki fundi cherehani, Aurelia, miaka tisini na miwili,
naye anakumbuka kipimo cha kiuno tu.

Nilipomsomea mstari wa mwisho
akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hiyo usiandike, mwanangu.
Ilikuwepo. Nilikuwepo.
Mvua ilinyesha, nguruwe akaungua upande mmoja,
akaniimbia, akasahau ubeti wa pili, akarudia wa kwanza.
Tulizaa watatu. Mmoja tulimzika.
Jeneza lilikuwa dogo, akalibeba peke yake, kifuani,
kilomita nne, hakutaka kupokewa.
Huyo ndiye asiyeweza kubeba?
Mimi sitaki isiwe ilikuwepo.
Nataka iishe."

Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Kuisha hakuna fomu.
Kuna mswada Manila: bunge la chini liliupitisha,
la juu likaupa mto, likaufunika shuka.

Nang Pacing akahesabu noti juu ya meza yangu,
ndogo ndogo, zimenyooshwa kwa pasi.
Alizihesabu mara mbili.
Akanitazama kuona kama nimeona.
Kisha akatia sahihi kwa jina la mwanamume yule,
maana kitambulisho ndivyo kisemavyo.

Jioni Wakili akanirudishia ukurasa wa sita.
Kalamu nyekundu, duara moja.
Nilikuwa nimeandika *ilikuwepo tangu mwanzo*.
"Umechoka," akasema. "Nenda kapumzike."
Nikarekebisha kwanza. Ndiyo kazi yangu:
kuweka *ha* mbele ya maisha ya watu.

Ule wenye kosa sikuutupa.
Niliukunja mara nne, nikautia mkobani,
nikashuka kununua mkate.