Kutua

Tulipanga Juni, Hobart, hita ikikoroma miguuni,
mimi na Ingunn na karatasi ya mistari:
saa nane angani, siku tatu chini,
saa kumi na tatu angani tena,
kisha Oslo, kisha kaskazini hadi Tromsø
kwa baba yake, ambaye pacha wetu
amewajua kwenye kioo cha simu tu,
naye huibusu simu mgongoni
akidhani wako upande ule.

"Tutue njiani," alisema Ingunn. "Mtoto si kifurushi."
Nikaandika: Singapuri. Vitanda viwili vya watoto.
Bustani ya ndege, asubuhi.
Neno asubuhi nikalipigia mstari, mara mbili.
Mwenye pacha wa miezi kumi na tisa
anayepigia mstari neno asubuhi
ni mtu wa kuonewa huruma.

Sunniva alilala kabla mikanda haijafungwa.
Halvard akalia.
Halvard alipochoka akamwachia dada yake zamu,
kama walinzi wa lango moja,
huyu akiingia yule anatoka,
lango lisikae bila kelele.
Mzee wa kiti cha mbele aligeuka mara moja,
akatutazama, akarudi mbele,
akavuta blanketi hadi utosini.
Juu ya bahari nisiyoijua jina
nilipima ule ujia, hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi,
mtoto begani, udenda wake ukinichorea ramani mgongoni,
nikihesabu nepi zilizobaki.
Saba. Hatua arobaini.
Sita.

Joto lilitupokea mlangoni kama taulo bichi.

Bustani ya ndege hatukuiona.
Ile asubuhi yenye mistari miwili
tuliilala yote, wanne, kitanda kimoja,
na vile vitanda viwili vidogo vikalaza masanduku.
Usiku uliofuata, saa tisa,
Hobart ikawagonga kifuani kutoka ndani:
pacha wakaamka na furaha isiyo na sababu,
wakimwita mbwa wa jirani
tuliyemwacha ng'ambo ya maji.

Tukawavika viatu, tukashuka mtaani.
Kwenye soko la chakula la pembeni
viti vilikuwa kichwa chini juu ya meza,
kijana akiosha sakafu kwa mpira,
na Bi Geok Lan (jina tulilijua baadaye)
akichochea sufuria ya uji wa mchele.
Akawatazama wale wawili. "Nani alitangulia?"
"Huyu wa kike. Kwa dakika tisa."
"Basi ndiye mwenye amri," akasema,
na Halvard akampa mwiko, kumliwaza.

Kisha akamweka kiunoni, hakuomba,
kama apokeaye kikapu cha jirani mlangoni,
na Ingunn akala kwa mikono yote miwili.
Hilo acheni niliseme tena. Mikono yote miwili,
huu bakuli, huu kijiko.
Tangu Disemba ile ya leba sikuwa nimemwona hivyo,
nikageuka kando, nikajifanya nakagua bei za kahawa.

Sunniva alikanyaga maji ya mpira, akaloa hadi kitovuni.
Sikusema kitu.

"Mlikuja kuona nini hapa?"
"Ndege," nikajibu.
Kukapambazuka tukiwa pale pale,
na Bi Geok Lan akanionyesha kwa kidevu:
kwenzi mmoja, miguu ya manjano,
juu ya kiti kilichopinduliwa,
anadonoa punje ya mtu wa jana.
"Huyo. Bure."

Simu ikalia. Tromsø, usiku wa manane,
na mzee yuko macho, jua lake halijatua,
wala wiki hii halitatua.
Amepaka rangi viti viwili, alisema, vidogo,
kimoja bado kibichi, tusije mapema.
Akaibusu simu mgongoni.
Halvard akamjibu kwa kiganja kizima,
na uso wa babu yake ukapotea wote
ndani ya uji.