Herufi Saba

Siku ya nne baba alirudi Majengo
juu ya mawe yaliyokuwa bado yakifuka,
soli za viatu vyake zikayeyuka njiani.
Hakwenda kutafuta godoro wala sufuria
(mama hakumsamehe ile sufuria),
alikwenda kulichimbua sanduku la herufi,
bati alilolikata mwenyewe kwa mkasi
kutoka mikebe ya mafuta ya msaada.

Nyingi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu.
Saba tu zilinyooka:
A, J, K, P, S, T, Z.

“Mradi A imepona,” alisema.
“A haichoki. Unaipiga mara mbili.”

Mama Kavira akaja, muuza makaa.
M ilikwenda na moto.
Baba akampigia KAA, kwa rangi nyeusi,
akampunguzia na bei.
Kibao kikasimama njia panda,
na watu waliokuwa wakirudi kutoka Sake,
vitanda vimelala juu ya chukudu,
hawajui kama mlima umemaliza maneno yake,
wakasoma: KAA.
Wakashusha vitanda.
Ule mtaa wote umejengwa
juu ya kosa la tahajia.

Fundi wa saa alipata SAA, akaridhika.
Muuza mabati alipata PAA,
watoto wakamzomea kila asubuhi,
“Tupae twende wapi, mzee?”
TAA ilikwenda kwa kijana anayechaji simu kwa jua,
ikawa ndiyo taa pekee mtaani
usiku ambao SNEL imelala.
Muuguzi Generoza alikataa ZAA.
“Bwana Mbusa, hii ni amri.
Wanawake wangu wanataka kusalimiwa kwanza.”

Na JAA baba aliitundika juu ya pipa la maji,
kama dua.
Wiki haikuisha, pale chini pakawa na maganda ya ndizi,
mifupa ya sambaza, kiatu kimoja:
majirani walisoma jina, hawakusoma dua.

Kisha wakaja vijana na shuka jeupe.
Walitaka neno moja tu la kubeba hadi barabara kuu.
Walilitamka polepole, kama mtu anayemwonyesha daktari
mahali panapouma.
Baba akafungua sanduku, akalifunga.
“N sina,” akasema.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya kopo la rangi.
Nilijua.
Z ukiilaza ubavu ni N.
Nilikuwa nimeshaijaribu mchangani, kwenye mchanga mweusi
nyuma ya choo, zaidi ya mara moja.
Baba aliniona nikiiangalia ile Z,
akaweka kiganja chake juu yake.
Hakunikataza. Aliifunika tu,
kama unavyofunika chungu kisicho na kitu
ili watoto wasione.

Vijana waliandika wenyewe, kwa kipande cha kaa
cha Mama Kavira. Kwa mbali
hakuna aliyeweza kulisoma.

Baba ametutoka tangu mwezi wa pili.
Sanduku ni langu.
Usiku huu nimewasha mshumaa nyuma ya kibanda,
ukuta wa mawe ya lava, asikopita mtu,
nikailaza Z ubavu wake
na kupiga, kwa rangi nyeupe: NJAA.

Likakaa pale. Herufi nne.
Rangi ikitiririka kutoka mguu wa J.
Nilidhani litanitazama kwa ukali zaidi.

Halafu nikazichukua zilezile,
sikuongeza wala sikupunguza,
nikazipanga upya chini yake:
JANA.

Sisemi limekwisha. Unga haujashuka bei
kwa sababu ya bati nililoligeuza.
Nasema tu kwamba baba alijua kulificha
na hakujua kulipanga,
au alijua, na mkono ukamkatalia.

Asubuhi Nzigire amenigongea mlango.
Amefungua kioski cha maziwa ya Masisi,
anataka neno lake lote, MAZIWA,
hataki kupunguziwa hata herufi.
Nimemuuliza kama ana mkebe mtupu.
Mkasi ninao.