Ukurasa wa Sabini na Nne

Kitabu cha maarifa ya jamii kina sentensi moja tu:
"Bwawa lilijengwa, mkoa ukapata umeme."
Nukta. Halafu picha ya ukuta wa zege,
halafu maswali matatu: jaza nafasi zilizo wazi.

Nafasi zilizo wazi ndizo nilizozitaka.

Jumatatu niliwahi, mvua ya Galisia ikigonga madirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nikasukuma madawati ukutani,
nikatandaza kamba za kuanikia nguo sakafuni:
huu mto, hii njia ya kanisani,
hapa tanuri la mkate la kijiji kizima.
Soutelín, kabla ya maji. Hatua moja, mita ishirini.
Eladio, mfagiaji wetu, alisimama mlangoni,
akatazama, akaingia,
akasogeza kamba kidogo kwa ncha ya kiatu.
"Mto ulikata kona hapa, mwalimu."
Akaendelea kufagia.

Kila mtoto nikampa kikaratasi:
jina la nyumba, idadi ya ng'ombe, idadi ya mitufaha,
na fedha ambazo kampuni imetaja,
nimeziandika kwa penseli, maana zilikuwa zikifutika.

Uxío akavaa tai ya baba yake, akawa mhandisi.
Alinoga! Alituahidi barabara, taa, mashine za kufulia,
sauti ikipanda kama ya dalali.
Iria akamuuliza makaburi yatahamia wapi.
Hakuwa na karatasi ya swali hilo.

Mimi nilikaa juu ya kabati la ramani, nimeuuma ulimi.
Kufundisha, nimechelewa kujua, nusu yake ni kunyamaza.

Tulipofika kwenye kura, Antía,
ambaye tangu Septemba sauti yake niliijua
kwa kuitikia jina tu,
akasimama ndani ya nyumba yake ya kamba.
"Kwetu ndio waliotia saini kwanza," akasema.
"Si kwenye mchezo. Kweli.
Nyanya alikuwa na mtoto anaumwa kifua,
na hospitali hailipwi kwa matufaha."

Hakuna aliyecheka. Uxío akalegeza tai.
Kengele ikalia, ikalia, ikachoka.

Fomu ya mkaguzi ina kisanduku cha Vifaa.
Nimeandika: kamba, mita arobaini; tai, moja.
Kuna kingine, cha Lengo la Somo.
Hicho bado kitupu,
kwa sababu walipokuwa wakitoka, wakiruka kuta
taratibu, wasije wakawaamsha waliomo,
Brais alibaki nyuma. Akaenda ukutani,
akazima taa.
Akaitazama balbu.
Akaiwasha tena,
akaniangalia mimi, kana kwamba jibu ninalo.